Mwalimu Hakuitikia Salamu

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi, wanafunzi watano wa darasa la Kiingereza walipoingia, wakasimama nyuma ya viti vyao na kumwamkia maiti kwa pamoja.

Hawakujua, jamani. Mwalimu alikuwa mbele yao, amekaa amewapa mgongo, kwenye kile kiti ambacho wiki nzima kilikuwa kizimba cha mshtakiwa. Alivaa joho jeusi la jaji, ukosi wake umesimama hadi masikioni. Wakasema "Good morning, madam" kama kawaida yao. Nyumba ile ilikuwa ya kizamani, dari liko juu kweli kweli, na neno la mwisho la kila msemaji lilikuwa na tabia ya kurudi kutoka huko, hafifu, baada ya kitambo. "Madam," chumba kikaitikia. Wakadhani ni yeye. Wakakaa.

Na kwa nini wasikae? Wiki hiyo walikuwa wanajifunza maneno ya makosa na hukumu: mwizi, shahidi, kiapo, dhamana, kifungo. Ubao ulikuwa umejaa. Jana yake Mwalimu aliwaambia, "Kesho mkiingia mtakuta kosa limeshatendeka. Msiniulize kitu. Tazameni, kisha mnieleze kwa Kiingereza." Kwa hiyo waliona mama wa watu amekaa kimya, wakajua somo limeanza.

Nesi, anayefanya kazi wodi ya wazazi, akanyoosha mkono akasema kuna mwathiriwa. Karani wa mahakama akasahihisha: si mwathiriwa, yule ni mshtakiwa, maana amekaa kizimbani. Fundi Saa, mzee mpole ambaye kila mtu mtaani amewahi kumpelekea saa, akasema polepole kwamba hapana shahidi. Sajini naye, mama mmoja aliyestaafu polisi, akaonyesha rula mezani akaiita silaha. Kila neno likarudi kutoka darini. Wakawa wanachekacheka, wanasubiri ageuke awape maksi.

Dobi ndiye aliyeinuka. Joho lile alilipiga pasi mwenyewe juzi, na ukosi ule uliosimama ulimkera. Akaenda kuulaza vizuri. Vidole vyake vikagusa shingo.

"Ameuawa!" akapiga yowe. "Jamani, mama ameuawa!"

Akaanguka magotini. Hapo darasa likavurugika, kila mmoja anapiga kelele kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mpwa wa Mwalimu, kijana aliyekuwa msaidizi wake na ndiye aliyewafungulia mlango, alikimbilia nje kutafuta simu. Polisi walipofika walimkuta Mwalimu amekauka kitini, mtandio wake mwenyewe umekazwa shingoni chini ya ule ukosi. Kabla jua halijapanda sana, Dobi alitolewa nje ana pingu mikononi na kibao shingoni, mke wake amesimama ng'ambo ya barabara na beseni la nguo za watu, haelewi kitu.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa kijana wa zamani wa Sajini. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui kufunga buti.

"Shikamoo, afande," akasema, ingawa siku hizi yeye ndiye mkubwa.

"Marahaba. Umemshika Dobi kwa lipi?"

"Afande, hebu tazama mwenyewe. Watu watano mmeingia. Wanne mmekaa, mmoja kaenda moja kwa moja kwa marehemu. Na hakusema amekufa, kasema ameuawa. Mtandio uko chini ya ukosi, ameuonaje?"

"Ameulaza ukosi, akauona. Yule hawezi kupita penye kunjo bila kulinyoosha. Ndiyo kazi yake."

"Sawa. Na Jumatatu je? Karani ameniambia Dobi alisimama mbele yenu wote akasema kwa Kiingereza kwamba atamnyonga mwalimu wake."

Sajini akapumua. Ilikuwa kweli. Mwalimu aliwataka kila mmoja atunge sentensi ya wakati ujao kwa neno jipya, Dobi akatunga hiyo, na kwa kuwa hakukosea hata herufi, darasa zima lilimpigia makofi. Mwalimu alipiga zaidi ya wote.

"Ule ulikuwa mfano," alisema Sajini.

"Mfano umetimia, afande. Na nasikia alikuwa na kinyongo naye, kila siku anafagishwa. Na hicho kibao alichovaa ndicho nini? Vijana wangu wamecheka njia nzima."

Sajini akamweleza. Kilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, chenye kamba. Ndani ya nyumba ile ilikuwa Kiingereza tu. Aliyeteleza akasema Kiswahili alivikwa kibao na yule aliyemnasa, na hakikutoka shingoni mpaka naye amnase mwingine. Aliyekuwa nacho darasa linapokwisha aliondoka nacho, akalala nacho, na kesho yake akaja nacho kufagia. Watu wazima na akili zao, lakini walikiogopa kuliko rumande. Karani alishaonekana mtaani akitembea kashika kola kwa mikono miwili ili watu wasikione. Na wiki hii, kwa ajili ya somo, Mwalimu alikuwa amekiandika neno moja kwa rangi nyeupe: GUILTY.

"Yaani mwenye hatia," alisema Mkaguzi. "Basi hata kibao kimeshahukumu. Jumatatu nampeleka mahakamani, afande. Kwa shtaka hili hakuna dhamana, unajua. Na akipatikana na hatia, unajua pia."

Sajini alijua. Alikaa kazini miaka mingi na aliwahi kusindikiza watu mpaka kwenye ule mlango ambao hawarudi. Alitazama dirishani, akamwona mke wa Dobi bado amesimama palepale na beseni lake.

"Nipe mpaka Jumatatu," akasema.

"Afande, umestaafu."

"Nimestaafu mshahara, sijastaafu macho."

Alianza na Mpwa, maana mwenye funguo huulizwa kwanza. Kitasa cha mlango wa mbele kilijifunga chenyewe ukiuvuta, na funguo zilikuwa mbili tu, ya Mwalimu na ya kijana huyu. Alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma anatafuna kucha.

"Mwanangu, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, mama. Nilikuwa na homa."

"Homa ya viatu vipya? Muuza maziwa amekuona ukipita umechana nywele, una tai."

Kijana akatazama chini. Kamasi zikaanza. "Nilikwenda kuomba kazi shule nyingine. Ya kufundisha. Shangazi angesema nimemsaliti. Alisema nikiondoka yeye atabaki na nani? Sasa ameondoka yeye." Akalia kabisa, machozi ya mtu aliyelelewa na mtu huyo. Sajini alikwenda kwenye hiyo shule. Mwalimu mkuu akathibitisha kwamba kijana alikaa naye tangu saa kumi na moja mpaka giza linaingia, na kwamba wakati wa kuondoka alisahau mwavuli.

Akaja Karani. Huyu tangu Alhamisi alikuwa haishi kwenda kituoni, anazunguka zunguka kaunta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila afisa anayemwona anamuuliza joho litaachiwa lini. Sajini alimbana nje, kwenye ukuta.

"Joho lina nini?"

"Halina kitu, mama."

"Basi ya nini kuliulizia mara tano?"

Karani akatazama kushoto na kulia. "Ni la jaji," akanong'ona. "La kweli. Nililichukua kabatini mahakamani ili igizo lipendeze. Jaji anarudi likizo Jumatatu. Mama, nitafukuzwa kazi."

"Kwa hiyo mwenzako anakwenda kunyongwa, wewe unalilia nguo."

"Mama, na mimi nina watoto."

"Pale Dobi alipoanguka, wewe ulifanya nini?"

"Nilishika pindo la joho, mama. Nilikuwa namvua." Akasema kwa sauti ya kuona haya kiasi kwamba Sajini alimwamini. Hakuna mwongo atakayejitungia aibu kama ile.

Ijumaa alasiri Sajini aliingia darasani peke yake. Mwili ulikuwa umeshaondolewa. Kiti kilikuwa palepale na vumbi la chaki lilikuwa limetulia juu ya meza. Alikaa mahali pake akajaribu kukumbuka wiki nzima, siku kwa siku, kama alivyokuwa akiwafundisha makuruta.

Jumanne kila mmoja alitunga kisa cha kosa, kwa maneno mapya. Nesi aliiba kuku. Karani alivunja benki akasahau gari alikoliegesha. Sajini mwenyewe alisimulia mume aliyeficha nyama kabatini, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi Saa, ambaye kwa kawaida Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota neno moja moja, siku hiyo alisimulia bila kusita. Kisa chake kilikuwa cha shahidi aliyekula kiapo kwamba alimwona mtu akitoka mbio kwenye ghala linaloungua, mtu mwenye ovaroli yenye madoa ya kijani, na kumbe hakumwona. Akafikia mwisho machozi yanamtoka. Wakampigia makofi, jinsi alivyoigiza. Mwalimu peke yake hakupiga.

Jumatano Mwalimu alijigonga kidole cha mguu kwenye jukwaa. "Uwii, mama yangu!" akasema. Darasa liliruka! Karani, aliyekuwa na kibao, alimrukia kumvika kwa pupa hata kamba ikakatika. Mwalimu akaicheka mwenyewe, akaifunga fundo nene kama karanga, akakivaa. Sheria ni sheria, alisema, hata kwa aliyeitunga. Darasa likaisha naye anacho.

"Nani alikuua?" Sajini akauliza kile kiti, kwa Kiswahili, bila kukusudia.

"Kuua," chumba kikasema huko juu. Akaondoka bila kufunga dirisha, na wala haoni haya kusema kwamba alikimbia.

Alikwenda kituoni, kwa kuwa mke wa Dobi alimwomba amsindikize kupeleka chakula. Kauntani palikuwa na askari anayepanga vitu vya mahabusu: mkanda, kamba za viatu, kitambaa cha jasho. Vitu vya kujinyongea huwa vinachukuliwa. Na juu yake kibao.

"Hiki nacho kina kamba," alisema askari, anacheka. "Tumemnyima."

Sajini alikuwa anapita. Akarudi. Akakinyanyua kile kibao akakigeuza mwangani. Tangu jana alikuwa anakitazama hakioni. Mtu amesema Kiswahili, kavikwa kibao, basi; jambo la kila siku, nani atalishangaa? Lakini Jumatano kibao kiliondoka darasani shingoni mwa Mwalimu. Na Alhamisi asubuhi Mwalimu alikuwa maiti bila kibao.

Kamba haikuwa na fundo. Pale ilipokatika, ncha mbili zilikuwa zimelazwa pamoja na kuzungushiwa uzi wa shaba mwembamba kama unywele, mzunguko kando ya mzunguko, hakuna uliopanda mwenzake. Fundo la Mwalimu lilikuwa limekatwa na kutupwa.

"Nipeleke kwa Dobi," akasema.

Dobi alikuwa amekaa sakafuni, macho yamemwiva. Alipomwona mke wake alijitahidi kutabasamu, ikawa vibaya zaidi.

"Mama Sajini, waambie mimi nilikuwa natania. Ile sentensi."

"Najua. Nisikilize. Nani alikuvika kibao?"

Dobi akafikiri. "Sikumwona. Alikuja kwa nyuma, nami nilikuwa chini nalia."

"Jumatano uliondoka nacho?"

"Mimi? Si alikuwa nacho Mwalimu? Karani alimvika, tukacheka..." Akanyamaza. Hakuwa mjinga, Dobi.

"Nyamaza hivyo hivyo," alisema Sajini. "Usimwambie mtu."

Kutoka hapo alipitia kwa muuza maziwa wa kona. Ndiyo, Jumatano saa kumi na mbili jioni Mwalimu alikuja kununua maziwa na kile kibao chake kifuani. Alimtania kwamba leo mwizi ni mwalimu, naye akacheka akasema kitalala naye mpaka asubuhi. Akarudi ndani. Basi ikawa wazi kama mchana. Aliyekipata baada ya hapo alikipata ndani ya nyumba ile, jioni ile, kutoka kwa Mwalimu. Sajini akampigia Mkaguzi amtafutie kesi moja ya zamani, ya ghala lililoungua.

Jumamosi asubuhi wote walikuwa darasani, kila mtu mahali pake. Dobi aliletwa na pingu. Mkaguzi alisimama mlangoni, amekunja uso kwa mashaka. Sajini alisimama kando ya kile kiti, kibao mkononi.

"Kwa Kiswahili leo," alisema. "Tufanye kama anavyofanya mwalimu yeyote akitaka kumjua aliyeanza kelele. Tunaanza na wa mwisho, tunarudi nyuma. Dobi, kibao ulikuwa nacho. Nani alikupa?"

"Sijui. Alikuja kwa nyuma."

"Nesi, wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele yake, nimeshika mkono wa Mwalimu natafuta mapigo. Mikono yangu yote miwili."

"Mpwa alikuwa nje. Karani alikuwa anamvua Mwalimu joho, na Nesi alimpiga kofi amwache marehemu. Kweli, Nesi?"

"Kweli, na nitampiga tena."

"Mimi nilikuwa mlangoni nazuia watu wa mtaani. Amebaki mmoja."

Hakuna aliyegeuka kwanza. Halafu wote wakageuka. Fundi Saa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya dawati, kofia magotini.

"Mzee wangu," alisema Sajini, "nani alikupa wewe?"

Saa ya ukutani iligonga gonga. Yeye mwenyewe aliitengeneza mwaka jana, bure.

"Mwanangu," mzee akamwambia Mkaguzi, "huyu mama amechoka. Kibao kilikuwa sakafuni. Nilikiokota."

"Na kamba?" Sajini akakinyanyua. "Jumatano ilikuwa na fundo nene, wote tuliliona, tulilicheka. Alhamisi imeungwa kwa uzi wa shaba. Nesi hawezi kuunga hivi. Karani hata kifungo hashoni. Mkaguzi, nenda dukani kwake ukalete uzi wake wa shaba, ulinganishe."

Mzee aliitazama ile kamba. Aliitazama kwa muda mrefu, na kitu usoni mwake kikalegea.

"Sikumbuki kuiunga," alisema. "Nilifika nyumbani, nikakivuta shingoni, kamba ikakatika. Kulipokucha nilikuwa nimekaa mezani kwangu, taa inawaka, kamba nzima. Mikono ilifanya yenyewe. Nilikusudia kuja mapema nikitundike kwenye msumari wa nje, mlangoni. Nikamkuta Dobi ameshawahi, amekaa ngazini."

"Kile kisa cha Jumanne hakikuwa kisa," alisema Sajini.

"Hapana."

Mkaguzi akasogea. "Ghala la magodoro," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Mlinzi aliungulia ndani. Mpiga rangi mmoja akafungwa maisha, miaka tisa sasa. Shahidi mkuu alikuwa fundi saa mwenye duka mkabala. Nimeisoma jana."

"Mwanangu alikuwa na miaka kumi na sita," alisema Fundi Saa. "Alichezea kiberiti, hakujua kuna mtu ndani. Alikuja kwangu ananuka moshi. Polisi wakaniuliza nimemwona nani. Mpiga rangi alikuwa amepita mchana, nikamtaja yeye. Nilimtaja mara moja tu. Miaka tisa sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Halafu Mwalimu akatupa yale maneno. Witness. Oath. Nikaona kwa Kiingereza ni kama anasema mtu mwingine. Nikasema yote. Jamani, nilijisikia mwepesi! Nikadhani nimepona."

"Mwalimu akajua."

"Akaniita. Jumatano jioni nikaenda nimsihi. Nilipiga magoti pale." Akaonyesha sakafu. "Nikamwambia, mama, mwanangu sasa ana mke, ana mtoto mchanga, usiniue mara mbili. Nililia kwa Kiswahili, maana kuna vilio havina Kiingereza. Yeye akavua kibao akanivika mimi. Mzee kama mimi, nimepiga magoti, kamasi zinanitoka, ananivika kibao! Akasema, anza upya, kwa Kiingereza, polepole, kama Jumanne. Akavaa lile joho, akaenda kukaa kwenye kiti, akanipa mgongo."

"Kwa nini akupe mgongo?" aliuliza Mpwa. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nisione haya," alisema mzee. "Alijua kwa Kiingereza naweza kusema. Alitaka nizoee, ili nikaweze kusema mbele ya jaji. Nimeelewa hilo baadaye, mwanangu. Pale sikuelewa. Pale niliona mgongo tu, na mtandio."

Mpwa akafunika uso. Nesi alimvuta akamkumbatia.

"Na Dobi?" Sajini akauliza. Alikuwa na hasira sasa, na hakuificha. "Mpiga rangi ana miaka tisa ndani kwa sababu yako. Huyu naye ungemwacha anyongwe?"

Fundi Saa alimtazama Dobi kwa mara ya kwanza.

"Yule wa kwanza ilinibidi kuapa," akasema. "Kwa huyu nilitakiwa kunyamaza tu. Kunyamaza ni rahisi, Sajini. Sikudhani kama ni rahisi kiasi hicho."

Uzi wa shaba wa dukani ulilingana. Mchana ule walimfuata mwanawe kazini; alikuwa akichomelea geti, akavua miwani ya kazi akanyoosha mikono kabla hawajamuuliza neno. Alisema miaka tisa alikuwa anawasubiri. Jaji alirudi likizo akakuta joho lake ni kielelezo mahakamani, na hilo Karani alilieleza mwenyewe anavyojua. Mkaguzi alipeleka faili la mpiga rangi juu, kwa mkono wake.

Dobi alifunguliwa jioni ileile. Alirudishiwa mkanda na kamba za viatu, akainama kuzifunga, mke wake anamsubiri mlangoni mwa kituo. Hapo ndipo walipomleta Fundi Saa kumwingiza, na ukumbi ulikuwa mwembamba, wakakutana uso kwa uso. Askari hakujua amsukume nani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mzee.

Dobi akainuka na kamba moja haijafungwa. Alimtazama mzee, akatazama mikono yake iliyotiwa pingu.

"Mzee," akasema, "ile asubuhi nilipoanguka nikasikia mtu ananishika mabega kwa nyuma, taratibu. Nilikushukuru moyoni. Nilidhani unanifariji."

Mzee alifungua kinywa. Hakutoka neno, la lugha yoyote. Dobi akapita, akamshika mke wake mkono, wakatoka.